Vile Vidonge vya Tezi

Shoga, leo nimeumbuka kazini!

Si unakumbuka vile vidonge vya tezi nilivyoagiza mtandaoni, daktari aliponiambia mwili wangu unagomea insulini? Eti vinaamsha tezi ya shingoni, mwili uchome sukari. Vimeamsha moyo! Unadunda kama nakimbizwa na mbwa.

Nimeshika sindano nimtoe damu bibi mmoja, mkono ukatetemeka hadi sindano inacheza. Bibi akanishika: "Mjukuu wangu, hebu kaa wewe. Nakuitia daktari."

Mgonjwa, shoga! Mgonjwa ndiye kaniitia daktari, mimi nesi!

Nikapimwa. Mapigo mia na arobaini. Daktari kasema huenda vina homoni isiyoandikwa kwenye kichupa.

Nakupigia hupokei. Kile kichupa nilichokupa Jumapili, umeshameza vingapi?