Kiu ya Nyumba Inayotembea

Kasongo,
14 Septemba 1956

Kwa Mjomba Alimasi, Usumbura

Mjomba wangu mpendwa,

Assalam aleikum. U mzima huko? Kifua kimeacha kukubana? Na mkazamjomba Faida, macho yake yamepata nafuu? Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Mama bado anapakua sahani ya marehemu kaka Lukumani, kisha anakumbuka, anarudisha chakula chunguni. Hakuna anayemsemesha.

Mashauri yako juu ya gari tuliyapata na tuliyafuata yote. Kama ulivyosema, tangu lile lori lenye nyumba ya mbao mgongoni litengenezwe baada ya ajali iliyomuua kaka, limekuwa mlevi. Wakati wa Lukumani pipa moja la esansi, mafuta ya gari, lililipeleka Kabambare na kulirudisha. Tangu mume wangu Atumani ashike usukani, pipa linakauka njiani, tunalala Lusangi tukisubiri msaada.

Fundi Jean-Baptiste alifungua buji, zile plagi za kuwashia motere, hazina moshi. Kabureta aliisafisha mpaka inang'aa. Aliinua magurudumu akayazungusha kwa mkono, hakuna freni inayokwama wala ekseli iliyopinda. Tuliweka mchanga mkavu chini ya tangi, asubuhi mchanga ukawa mkavu vilevile. Fundi akatega sikio kwenye motere kama mkunga, akasema mgonjwa huyu ni mzima kuliko sisi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtaani wakasema Lukumani hajashuka garini, ndiye anayekunywa. Baba alisomesha hitima ya pili, akafukiza ubani garini mpaka kwenye kabati la vikombe. Mimi nilicheka mchana, lakini tukiwa safarini nilikuwa silali kwenye kile kitanda chake cha mle garini. Nilitandika mkeka chini.

Ubani haukupunguza kitu, basi Baba akamgeukia mume wangu. Alimwambia mbele ya wageni kwamba marehemu hanywi esansi, walio hai ndio wanaoiuza. Safari hii pipa lisipotosha, Atumani arudishe ufunguo na mimi nibaki kwa wazazi wangu. Mjomba, niliona aibu hata ya kumpa mume wangu maji ya kunawa. Atumani hakujibu neno. Nilimkasirikia kwa kimya kile, nikaona kama kweli ana la kuficha.

Tukaondoka. Mimi nilikaa nyuma na mizigo. Tulipofika juu ya ule mteremko wa mto Luama, pale pale alipofia kaka yangu, motere ilinyamaza. Gari halikusimama. Lilizidi kwenda. Nilisikia changarawe chini ya magurudumu, na vikombe vikigongana kabatini, basi. Nikanusa freni zinaungua. Mjomba, niliamini kabisa kwamba anayeendesha si mume wangu. Nilipiga ubao kwa ngumi zote mbili nikimwita Atumani. Gari likashtuka, motere ikanguruma tena, tukafika chini polepole.

Pale chini anakaa Mama Feza, mama mmoja wa kabila la Wabangubangu anayeuza ndizi za kuchoma. Tulimkuta amesimama katikati ya njia, mikono kichwani.

Akaniambia: "Mwanangu, nilizani Lukumani amerudia. Ni yeye tu alikuwa anapitaka hapa kimya. Gari yake haikuwa inalia, tulikuwa tunasikia wimbo wake tu."

Nilimgeukia Atumani. Alikuwa bado amekaa garini, kichwa kwenye usukani. Akasema madereva wote wa njia hii walijua. Lukumani alikuwa anazima motere juu ya kila mlima na kuliachia gari lishuke lenyewe. Wanaiita ruliburu. Wewe fundi unajua kuliko mimi: motere ikizimwa hakuna kinacholishika gari ila freni, na nyumba nzima ya mbao inasukuma kwa nyuma. Sisi tuliambiwa kilichomuua kaka ni mvua, ni utelezi wa kona.

Nikamwuliza kwa nini alikubali kuitwa mwizi. Akasema: "Maiti hasemwi, Subira. Tena ni mtoto wa mwenye nyumba. Leo nilitaka tu pipa itoshe."

Kumbe gari halikuugua hata siku moja. Hiyo ndiyo kiu yake tangu zamani. Kilichopungua ni yule mtu aliyekuwa akiificha.

Pipa halikutosha. Tuliporudi nilimweleza Baba mwenyewe, kwa sababu Atumani alikataa. Unamjua Baba, kila mgeni aliyekunywa kahawa kwetu alisikia jinsi mwanawe anavyokwenda Kabambare kwa pipa moja. Alinisikiliza mpaka mwisho akitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Kila akirudi nilikuwa ninamusifu." Mimi nililia mbele yake bila kujificha.

Usitume ile kabureta mpya uliyoahidi, Mjomba. Juzi Baba alitoka mwenyewe alfajiri, akajaza tangi, akaongeza pipa la pili nyuma karibu na kitanda. Akamrudishia Atumani ufunguo kwa mikono miwili na kumwambia, "Acha ikunywe."

Safari hiyo mimi nilibaki, Mama alikuwa na homa, sasa amepoa. Baba alisimama barabarani akisikiliza motere ikienda. Mlio ulipopotea hakuingia ndani. Nilimwita aje kunywa chai mara nyingi. Hakujua, na mimi sikujua, kama gari limekwisha kufika mbali au limezimwa.

Atumani alirudi jana, salama. Leo Baba anamwuliza tena habari za mlima ule, kama aliushuka motere ikiwaka.

Mama Waridi anakusalimu sana na kukuomba uje kabla ya mvua. Baba Assumani anakusalimu, na Atumani pia. Nisalimie mkazamjomba na watoto wote. Mwenyezi Mungu akulinde njiani, mlimani na bondeni.

Mpwa wako akupendaye,
Subira binti Assumani