Mimi Ndiye Niliyepeleka Gugu Karoti Oldonyo Sambu

Jumamosi, masika. Mvua inanyesha tangu alfajiri, Mlima Meru umejifunika wingu mpaka kiunoni, na mikono yangu inawasha kiasi kwamba nashindwa kushika simu vizuri. Nikikosea herufi, lawama ziende kwa gugu, zisiende kwa shule. Shule niliiacha kidato cha pili, na mwenye makosa ni hesabu.

Leo nina hasira. Ile nzuri, ya kufanyia kazi.

Mnaonisoma mnanijua. Mimi ni dereva wa lori. Nimefika Lusaka, nimefika Lubumbashi, nimekula ugali wa mataifa manne kwa wiki moja na kila taifa nimeliambia ukweli kuhusu ugali wake. Miaka mitatu iliyopita njia ya kwa mama, kule Oldonyo Sambu, ilikuwa ikinyesha tu inageuka uji. Nikasema haiwezekani, mtoto anaendesha lori halafu mama yake anakanyaga tope? Nikapakia moramu, ule udongo wa changarawe wa kutengenezea barabara, kutoka kwenye rundo lililokaa muda mrefu pembeni mwa barabara ya Moshi, karibu na Usa River, nikaja kuimwaga kuanzia barabara kubwa mpaka mlangoni pake. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Nilishuka garini kama waziri.

Lile rundo lilikuwa limeota vimaua vyeupe. Niliviona. Niliviona vizuri kabisa.

Mvua zilizofuata vikachomoza pande zote mbili za njia: majani kama ya karoti, maua madogo kama punje za mchele. Mama hakuyapenda. Mama amechunga tangu utotoni. Mmea asioujua anautazama kama mtu aliyeingia bila hodi. Akachukua jembe ayang'oe. Mimi nikamzuia.

"Yeyoo, acha hayo," nilimwambia. "Hayo ni maua ya mjini. Kule Njiro kwa matajiri yapo mbele ya mageti ya watu."

Ni kweli Njiro niliyaona mbele ya mageti, ila hakuna aliyeyapanda, yalijiotea. Hata kwenye shada la harusi ya rafiki yangu niliyakuta yamechomekwa katikati ya mawaridi. Basi nikajiona mtaalamu wa bustani. Mama akaweka jembe chini, kwa sababu mwanawe ametembea dunia na yeye hajatembea.

Moramu naweza kuiita bahati mbaya. Jembe lile sina pa kulificha.

Maua hayakubaki njiani. Kwato zikabeba mbegu, matairi yakabeba, maji ya mvua yakamalizia. Yakaingia malishoni kwa jirani yetu, Mama Naserian, mjane ambaye ng'ombe wake watatu ndio maisha yake. Kila yalipoingia, nyasi zilikonda mpaka zikapotea. Mwaka huu wale ng'ombe, kwa njaa, wakaanza kuyala. Wiki hii mnunuzi wa maziwa akaonja, akatema, akafunika ndoo akaondoka. Maziwa machungu kama klorokwini.

Lawama zote akatupiwa mama yangu. Wanawake wenzake wa kanisani wakamwuliza mbele za watu kwa nini ameacha uchafu mpaka umewafikia wengine. Mama akazibeba zote. Hakunitaja. Nimeyasikia kwa watu.

Jana nilipofika kijijini nikamkuta afisa kilimo wa kata, binti mdogo mwenye buti kubwa kuliko yeye, anawaeleza watu. Linaitwa gugu karoti. Limetoka ng'ambo, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulipunguza. Linasafiri na mchanga, na moramu, na mifugo, na matope ya magari. Mmea mmoja unaangusha mbegu maelfu, na mbegu zinaweza kukaa ardhini miaka zikisubiri mvua. Nilikuwa nasikiliza nimeegemea tairi la lori langu. Alipotaja moramu nikajibandua kwenye tairi taratibu.

Rafiki zangu wa kijiweni nilipowapigia wakanishauri nikae kimya. "Kwani wewe ndiye uliyeumba mbegu?" Mwingine akasema hiyo sasa ni kazi ya serikali. Aisee! Siku ya kumwaga moramu sikusema ni kazi ya serikali. Sifa nilizila mwenyewe.

Kwa hiyo leo asubuhi nikaamua kwenda kwa Mama Naserian. Kwetu Waarusha ukimkosea mtu huendi kumwomba radhi mikono mitupu. Unang'oa nyasi mbichi, unazishika mbele yako, na yeye akiziona anajua umekuja kwa amani, anakusikiliza. Nikatoka mlangoni kwa mama, nikainama ning'oe. Karoti. Nikaruka mfereji. Karoti. Nikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mtu mzima, kilo tisini, nimelowa chapachapa, sioni unyasi hata mmoja. Nilivuka korongo mpaka kwenye makaburi ya kanisa ndipo nikapata kishungi kimoja.

Nimecheka mambo mengi maishani, mengine misibani. Hilo lilinishinda kulicheka.

Mama Naserian alikuwa zizini.

"Takwenya, mama," nikamwamkia.

"Iko," akaitikia.

Nikasimama na nyasi zangu zinazochuruzika maji, nikasema yote. Rundo, maua, jembe. Nikasema mama alitaka kuyang'oa tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyemzuia. Kumbe mama alikuwa amenifuata, yuko nyuma yangu na kanga kichwani, anasikia kila neno.

Mama Naserian akazitazama zile nyasi.

"Umezing'oa wapi?"

"Kule kanisani, mama."

"Kwa hiyo ng'ombe wangu nao waende kanisani?"

Nikazishusha nyasi zangu taratibu.

"Nimekusikia," akasema. "Mama yako sina neno naye tena. Ila nyasi hizi sizipokei. Utaniletea zilizoota hapa." Akaonyesha kwa fimbo malisho yake, meupe pote kama yamemwagiwa unga.

Tumeanza leo leo. Binti wa kilimo aliagiza glavu na mikono mirefu. Mimi nikasema mikono hii imefungua boliti za malori ya nchi nne. Baada ya saa moja nilikuwa najikuna kama mbuzi kwenye ukuta. Mama akanivalisha soksi mikononi. Tunang'oa na mizizi, yenye maua tunayatia kwenye viroba tusije tukazipukutisha mbegu wenyewe. Mpaka jioni tumesafisha kipande kinachotosha kuegesha lori. Malisho yaliyobaki yanatosha kuegesha malori ya Tanzania nzima.

Safari ya Lusaka nimempa dereva mwingine. Lori langu halipandi tena huku kabla halijaoshwa matairi na bodi, na wenzangu wanaobeba mchanga wataisikia hii stori mpaka wanikimbie.

Wa kijiweni wanasema hili gugu sitaliweza. Wanasema nitang'oa wiki mbili halafu nitachoka, maana mimi ni wa maneno. Sawa. Kesho mama anaingia kanisani kichwa juu. Keshokutwa saa kumi na mbili asubuhi niko malishoni, nimeshavaa soksi. Nataka nione nani atachoka kwanza, mimi au karoti.