Mashine Yako Isiyofuta

Dafroza,

Nani alikwambia unitii? Maisha yako yote ulikuwa kichwa kigumu. Nilikukataza kwenda Gitega kusomea kompyuta, ukaenda. Nilikukataza kunyoa nywele, ukanyoa. Halafu neno moja baya, la hasira, ndilo ukalishika: "Usirudi kwenye nyumba hii mpaka ufute." Ukarudi ndani ya sanduku. Mjukuu gani anamfanyia bibi yake hivyo?

Naandika mwenyewe. Herufi zangu unazijua, ni zile nilizojifunza kambi ya wakimbizi Tanzania, mtu mzima nimebanana na watoto kwenye benchi. Vumilia.

Nakumbuka ulivyokuja hapa Mwakiro na wenzako kuchukua maneno ya wazee juu ya mipaka ya mashamba. Ulisema makaratasi mengi yaliungua, na yaliyobaki yanageuzwa na wenye hila. Kwa hiyo maneno yote yatakaa kwenye mashine yako, kompyuta ya kule Gitega, chini ya meza ya chumba ulichopanga, na betri ya jua pembeni kwa siku za kukosa umeme. Ukanieleza kama unaeleza mtoto: kila neno lina jina la aliyelisema, na siku yake. Wengine wana ruhusa ya kusoma tu, wengine na ya kuandika. Mi ukanipa ya kusoma. Nimemzaa mama yako, halafu unaniwekea mlango! Ukacheka: "Bibi, we ukipewa kuandika utagombana na watu wa kilima kizima."

Na mi siku hiyo nilisema uongo. Nilisema mpaka wetu na Lazaro, shemeji yangu, uko kule chini kwenye kijito. Uchungu ulinikaa. Yeye alibaki akala ndizi za nyumbani, sisi miaka yote tunapanga foleni ya unga wa njano. Mpaka uko kwenye ibitongati, ile mimea ya majani marefu. Babu yako na Lazaro waliipanda pamoja, na maji ya kunywa niliwaletea mimi. Mliposoma mbele ya watu, Lazaro hakupiga kelele. Aliniangalia tu. "Kweli, shemeji?"

Ndipo nikakwambia ufute. Ukasema mashine haifuti. Mtu anasema neno jipya, la zamani linabaki chini yake, na anayetaka kuliona analiona. Nikasema, we si ndiye mwenye funguo? Ukajibu, "Hiyo ruhusa nimejinyima hata mimi, Bibi."

Nikakufukuza hujamaliza kula. Isombe yako, kile kisamvu sahanini, niliwamwagia kuku.

Homa ilipokushika kule Gitega ulinipigia simu mara mbili. Sikupokea. Nilidhani unataka kubishana. Ningepokea... basi.

Juzi tumeganduka, tumemaliza matanga ya mwaka. Klaveri alikuja, yule mwenzako mrefu, na kompyuta begani. Akauliza kama aondoe jina lako kwenye orodha ya wenye ruhusa, maana ndivyo wanavyofanya mtu akiondoka. Akaifungua hiyo orodha mbele yangu. Jina langu halikuwa tena kwa wasomaji. Lilikuwa kwa wenye kuandika. Nikamwambia amekosea. Akasema mashine inaonyesha aliyebadilisha: ni wewe, siku ile ile niliyokufukuza, jioni yake. Na kwa sababu mashine yako inamdai kila mtu aeleze kwa nini amebadilisha, nawe ulieleza. "Bibi atakuja kuandika mwenyewe."

Yewe, Dafroza.

Mwaka mzima mlango uko wazi, na mi nimekaa nje nimenuna.

Nikaandika kwa kidole kimoja, watu wote wakiningoja, na pombe ya ndizi ikiwangoja wao: Mpaka uko kwenye ibitongati. La kijito nilidanganya. Klaveri akasoma kwa sauti. Lazaro akakohoa. "Haya, shemeji. Basi na mbuzi wako watoke kwenye maharage yangu." Watu wakacheka. Mi nililia, na unajua silii mbele za watu.

Jina lako nimemkataza Klaveri kuligusa. Na ninakuahidi, kila msimu wa kupanda nitapalilia pale kwenye ibitongati, mi upande wangu, Lazaro upande wake. Akizembea nitamsema. Neno langu la siri la kufungulia mashine nimeliweka, simwambii mtu, hata we sikwambii.

Pumzika, mwana wa mwanangu. Msalimie babu yako, umwambie mimea yake iko imesimama.

Lile neno nililokufukuzia siwezi kulifuta. Litabaki chini, na jina langu pembeni. Sasa sikia jipya, na hili ulitii kama ulivyotii lile: rudi nyumbani. Usipige hodi.