Alichokiona Mtoto Kwenye Kioo

Kwa dada yangu mpenzi,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako, ambaye hata leo ukimwita jina lake la utotoni mbele za watu ataitika bila aibu. Magoti je, yameacha kukusumbua asubuhi? Na shemeji, bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Sisi huku tu wazima kabisa. Mpwa wako amerefuka mpaka gauni ulilomshonea limegeuka blauzi, na jino lake la mbele limeng'oka, kwa hiyo akitamka "shangazi" utadhani anapuliza chai ya moto.

Barua hii ni ndefu kuliko zangu zote. Kama una kitu jikoni, kiepue kwanza ndipo usome.

Saluni yangu unaijua: viti viwili vya kunyolea, benchi la wanaosubiri, na kioo kinachokwenda ukuta mzima. Usichokijua ni ile runinga niliyoitundika ukuta wa nyuma, juu ya benchi, ili mteja aliyekaa kitini aitazame kupitia kioo. Maandishi huonekana kinyumenyume, lakini ngumi haihitaji kusomwa. Tangu niitundike, wateja waliongezeka. Walipenda hasa tamthilia moja ya kisasi, ya mtu mwenye kovu shavuni anayewawinda mmoja mmoja waliowaua ndugu zake. Hata watoto wasiojua kutulia walitulia. Nilikuwa nikimweka mtoto kitini, nawasha, na kichwa kinaganda kama kimepigiliwa misumari. Nikajiona nimegundua dawa.

Mpwa wako naye akitoka shule huja moja kwa moja saluni, anakaa mwisho wa benchi na madaftari yake mpaka nifunge. Unajua tangu mama yake atutoke sina pengine pa kumwacha. Madaftari yalikuwa mapajani, lakini macho yalikuwa kwenye kioo. Nilimwona, nikamwacha. Niliona afadhali ya hapo kuliko kuzurura.

Ishara ya kwanza ilitoka shuleni. Mwalimu wake aliniita akanieleza kwamba mtoto mmoja alikuwa ameanguka kwenye bembea, akapasuka paji la uso, damu ikamwagika. Wenzake walikimbia huku na huku, wengine kulia, wengine kumwita mwalimu. Binti yangu alibaki amesimama pale pale, mikono nyuma, anatazama. Mwalimu alisema hakuniita kwa sababu mtoto amekosea, maana hakumsukuma mtu wala hakucheka. Kilichomkosesha usingizi ni jinsi alivyotazama. Aliniuliza kama nyumbani kuna jambo. Nikamjibu kwamba huyu mtoto ana moyo mgumu tu, amemrithi shangazi yake. Unisamehe kwa hilo.

Niliporudi nikalisimulia saluni kama kichekesho. Rafiki yangu Fundi Redio, anayeniletea hizo tamthilia na asiyekosa benchini hata siku ambayo hana nywele za kunyoa, akatoa hukumu. Alisema sisi tulikua tukiona kuku wakichinjwa na mbuzi wakichunwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa muuaji. Damu ya runinga ni rangi tu, na mtoto anayefichwa kila kitu atakuja kuzimia akijikata na kucha. Benchi zima likaafiki. Na mimi nikaafiki, maana aliyezoea kusifiwa duka lake haulizi maswali mengi.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wangu, kuna fundi cherehani. Ni mwanamke anayeishi na mwanawe wa kiume, ambaye hajaanza shule. Dirishani mwake huning'inia sare za wanafunzi zisizo na vichwa. Kabla ya hapo mimi na yeye tulikuwa watu wa kusalimiana kwa mkono wa mbali tu. Siku moja alimleta mwanawe anyolewe, akamwacha kwangu kwa sababu alikuwa na sare za kumalizia. Nikamkalisha juu ya ubao niliolaza kwenye mikono ya kiti, nikamfunga kitambaa shingoni, nikawasha runinga. Kichwa kikaganda kama kawaida.

Nilikuwa nimemaliza upande mmoja kwa mashine. Nikachukua wembe nimsafishe nyuma ya sikio. Wakati huo huo, kwenye runinga, mtu mwenye kovu alikuwa amemnyemelea adui yake aliyekaa kitini, akamshika kichwa kutoka nyuma, akatoa kisu. Mimi sikuona, nilikuwa nimeipa runinga mgongo. Mtoto aliona vyote viwili ndani ya kioo kimoja.

Hakupiga hata kelele, dada. Alichuruzika chini ya kitambaa kama maji na kufumba na kufumbua yuko barabarani, kitambaa kinapepea shingoni. Namshukuru Mungu wembe ulikuwa bado hewani, na barabara ilikuwa tupu. Tulimkuta chini ya meza ya mama yake ya kukatia, amejizika kwenye mabaki ya vitambaa, upande mmoja wa kichwa una nywele na mwingine hauna. Kila nilipoinama alijikunja zaidi. Mama yake akaniomba niende.

Alinifuata baadaye, mtoto alipokwisha kusinzia. Aliingia na kitambaa changu amekikunja vizuri. Benchi lote likasubiri matusi, na mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu ya kuku na mbuzi. Hakutukana. Alimwambia Fundi Redio airudishe ile sehemu ya kisu, kisha akanionyesha kiti changu mwenyewe. Nikacheka.

"Kaa, fundi," alisema. "Usiniangalie mimi. Angalia kioo."

Nikakaa. Akanifunga kitambaa, akasimama nyuma yangu, mkononi ana kitana tu. Dada, mimi ni mtu mzima, nina ndevu, nina saluni. Lakini yule mwenye kovu alipotokea juu ya bega langu, mkubwa kuliko mimi, na vidole vya yule mama vikanigusa nyuma ya sikio, mwili ulinisisimka wote. Nilishika mikono ya kiti bila kujua. Akanifungua kitambaa, akakikunja tena, akakiweka mapajani mwangu.

"Mwanangu alidhani zamu yake imefika," akasema, akatoka.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Miaka yote nimekisukuma na kukizungusha kiti kile, na sikuwahi kukikalia runinga ikiwa inawaka.

Jioni ile nilifunga mapema. Njiani, mpwa wako akiruka mistari ya vivuli vya nguzo, nikamuuliza kuhusu yule mtoto wa bembea: kwa nini hukumkimbilia mwenzako? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu.

"Nilikuwa nasubiri aamke, baba."

Akanieleza kwamba watu wa kwenye runinga huanguka na damu nyingi kuliko ile, na sehemu inayofuata wanarudi. Mwenye kovu mwenyewe ameshakufa na kurudi. Kisha akaacha kuruka vile vivuli akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama mama yake yuko katika wale wanaorudi au wale wasiorudi.

Dada, unakumbuka tulivyomwambia wakati ule, kwamba mama amepumzika. Tuliona ni neno laini kwa mtoto mdogo. Kumbe amelibeba muda wote huo akikaa mwisho wa lile benchi, akitazama wanaokufa na kuhesabu wanaoamka. Nilipiga magoti pale pale kando ya barabara, watu wakipita na mizigo yao, nikamwambia kwa maneno yake kamili kwamba mama alikufa, na aliyekufa kweli harudi, na si kwa sababu mama hatupendi. Alilia. Nililia pia, sitakuficha. Halafu akaniambia nifute pua. Tulifika nyumbani, akala, akalala fofofo kuliko nilivyomwona akilala kwa muda mrefu.

Kesho yake runinga haikuwaka. Wateja walilalamika, wengine wakahamia kwa kinyozi wa kule stendi, na Fundi Redio akasusa akawa ananipita kama mlango wa choo cha kulipia. Saluni bila runinga ina kimya chake. Nilikuwa nikisikia mpaka nywele zikidondoka. Lakini kilichoniuma zaidi ni yule mtoto wa ng'ambo. Mama yake alikuwa amemshonea kofia ya mabaki ya sare, na alishinda nayo juani, juu ya kile kichwa chenye nchi mbili.

Nikavuka barabara. Nilichukua mashine peke yake, wembe nikauacha, na mpwa wako akanifuata. Nilimwomba radhi yule mama. Alinisikiliza bila kuacha kushona, akasema radhi yake ninayo, ila ya mwanawe nikaitafute mwenyewe. Mtoto aliona mashine tu, akaingia chini ya meza. Basi nikakaa sakafuni, nikaiwasha, nikamsukumia. Nikamwambia anaweza kuanza yeye kuninyoa mimi.

Ilichukua muda. Kwanza kikatoka kidole, kisha mkono, kisha kofia. Alininyoa, dada, Mungu ni shahidi! Alipita katikati ya kichwa kama anafungua barabara, akarudi kwa pembeni, akaniachia visiwa. Mama yake aliziba mdomo kwa kipande cha kitambaa, lakini mabega yalimsaliti. Mwishoni mashine ilinipitia sikioni, damu ikatoka kidogo. Mtoto akashtuka akataka kukimbia. Kabla sijasema neno, mpwa wako alikuwa ameshachana kitambaa kutoka kwenye yale mabaki, amekibana sikioni mwangu, ananiuliza kama inauma. Nikamwambia ndiyo, inauma kidogo. Akapuliza. Nilikuwa naweza kukaa pale sakafuni mpaka kesho.

Yule mtoto naye akakubali nimmalizie upande uliobaki, kwa sharti kwamba yeye ndiye anayezima na kuwasha.

Kutoka hapo mabishano yangu na yule mama yalianza. Nilikuwa navuka barabara na hoja, narudi bila hoja. Nilipompelekea ile ya kuku na mbuzi, aliniuliza kuku tulimwona akichinjwa mara ngapi kwa siku, na nani alikuwa pembeni kutuambia kwa nini. Nikarudi kunyoa. Nikapata jibu, nikavuka tena: kumfungia mtoto kila kitu nako si malezi, atakwenda kuchungulia madirisha ya watu, na macho hayana pazia. Hapo alisema hilo ni kweli, ndiyo maana wa kwake akitazama wenzake wanaopigana yeye huwa karibu, akimuuliza mwanawe yule aliyepigwa anajisikiaje. Fundi Redio, alipomaliza kususa, alileta filamu za wanyama ili kutupatanisha. Simba akamla swala mbele ya watoto wote wawili. Nikasema simba anaua kwa njaa, ni jambo la kawaida. Yule mama akasema na swala aulizwe. Hilo nalo halijaisha.

Kwa sasa runinga imehamia ukuta wa pembeni, ambako haiingii kwenye kioo. Watoto wakiwamo, yule mwenye kovu anapumzika. Wakubwa wakitaka visa vyao waje saa za masomo. Baadhi ya walioondoka wamerudi, na kina mama ambao hawakuwahi kukanyaga kwangu wanaleta watoto. Akikaa mmoja asiyetulia namshikisha mashine kwanza. Kazi inakwenda taratibu, lakini inakwenda.

Sasa dada, nimekuzungusha vya kutosha, na najua ulishanusa tangu nilipomtaja mara ya pili. Miaka hii yote ukiniandikia kwamba mwanamume hafai kuishi kama mwiko uliosahaulika sufuriani, nimekuwa nikijibu habari za mvua. Juzi mchana nilivuka barabara bila hoja yoyote mkononi. Nikamwambia yule fundi kwamba mabishano yetu hayawezi kwisha kwa mtindo huu, na nimechoka kila siku kuvuka na kurudi. Alishona mpaka mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno, ndipo akainua macho.

"Kwani ulikuwa unarudi kufanya nini?" akauliza.

Basi tumekubaliana, dada yangu. Niliogopa kumwambia mpwa wako, lakini alikuwa anajua kabla yangu. Alikwenda mwenyewe kumuuliza yule mama kama anakuja kuwa mama yake. Aliambiwa kwamba mama yake ni yule yule mmoja, na huyu ni mtu mwingine anayempenda na anayejua kushona. Akaridhika. Kisha jioni, tulipokuwa pamoja, akauliza ni nani atakayeshika rimoti nyumbani, na hapo sote watatu tulitazamana, maana hilo hatujakubaliana.

Ninachokuomba ni uje. Njoo na shemeji, hata kama mtagombania chumvi njia nzima. Nataka umtazame kwa macho yako mwenyewe, naye akutazame, na ukae na wazee wake uwaambie mimi ni nani, ukiacha yale ya utotoni. Nimemwonya kwamba hukubali kushindwa kwa maneno. Amesema anakusubiri kwa hamu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na jirani yako anayeuliza kama bado ninakonda. Mwambie nimeanza kushonewa nguo mpya. Mpwa wako anakubusu kwa pengo lake. Na kuna salamu nyingine, kutoka ng'ambo ya barabara, za mtu asiyekujua bado lakini ameshaomba vipimo vyako vya gauni.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kinyozi, mwenye visiwa kichwani ambavyo vinaota vizuri.