Machungwa Aliyoyamenya Yohana

Neema, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Shikamoo yako imenifikia hapa Mabawa, marahaba. Mama yako hajambo. Mimi siku zangu zimebaki chache, na daktari hanifichi.

Unauliza kwa nini nataka mchumba wako aanzie kujitambulisha Muheza, kwenye ile nyumba ya Wakristo ambako mdogo wangu Yohana na wenzake wenye ulemavu wa akili wanaishi na walezi wao kama ndugu, meza moja, sala moja.

Siku babu yako alipoleta posa, nilimficha Yohana jikoni. Niliogopa wageni wangesema ukoo wetu una kasoro. Nikampa kisu na kapu la machungwa ili atulie. Aliyamenya yote bila kuchana ule utando mweupe. Mjomba wa babu yako akalishika moja, akaligeuzageuza.

"Kayamenya nani haya? Ana mkono wa subira."

"Mimi," nikasema.

Yohana alisikia. Nilipoingia jikoni alikuwa amenibakizia moja, kubwa kuliko yote. "Lako, dada."

Babu yako alikufa akinisifia machungwa yale.

Jumapili iliyopita nilikiri mezani kwao, nikamwomba Yohana radhi. Akachukua chungwa na kisu. "Kumbe hujui kumenya," akasema, na wenzake wakacheka. Kisha akanimenyea.

Basi mpeleke mchumba wako. Akiuliza huyu ni nani, mjibu kabla hajamaliza: ni babu yangu.

Bibi yako, asiyejua kumenya.