Sinema ya Mbao

Jumanne, 13 Novemba 2018

Vichwa vinne tangu asubuhi, vyote rasta ndogo. Vidole vimekufa ganzi. Mteja wa mwisho alisinzia nikimsuka, shingo inaanguka huku na huku kama ya kuku. Nikamgonga na kitana. Saluni nzima kicheko.

Kurudi, pale kwenye robot, taa za kuongozea magari, kabla ya kufika kwetu Bertrams, muuza mitumba alikuwa ametandaza dividii za zamani chini. Nikaiona. Mungu wangu! Vijana wa kizungu, kaptula fupi, wamebeba mbao ndefu, bahari nyuma yao. Sinema ya Mbao! Ile ile ya Uvira. Sikubishana bei, mimi ninayebishana hata bei ya nyanya moja.

Mume wangu, Papa Naomi, ndiye alikuwa mtafsiri kwenye ukumbi wa video kule Uvira, Kongo. Sauti ya sinema inazimwa, yeye anashika maiki na kutuambia kwa Kiswahili wote wanasema nini. Nilimpenda sauti kabla sijamwona uso. Sasa analinda geti la watu hapa Johannesburg, na nyumbani amebaki na maneno mawili: ndiyo na hapana. Namtaka yule wa maiki. Nimechoka kuishi na geti.

Jumatano, 14 Novemba

Nimemwonyesha. Akaigeuza, akaigeuza tena. Akacheka! Halafu, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akaanza: "Safari, usiingie majini leo, mama amelia usiku kucha!" Safari ndiye yule kijana wa nywele za njano. Jina alipewa na mume wangu. Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni.

Papo hapo nikampigia Mama Debora, kiongozi wa akina mama kanisani. Ana televisheni kubwa na gereji tupu kule Turffontein. Naye ni wa Uvira. "Ai, yaya, dada yangu, ile ya ndugu aliyemezwa na maji? Lete, lete!" Imepangwa Jumamosi ya wiki ijayo, mchana. Kila mtu aje na chakula.

Hadithi ni hii. Kila asubuhi Safari na wenzake wanapanda mbao zao, wanateleza juu ya mawimbi kumtafuta ndugu yake aliyechukuliwa na mawimbi. Watu wanawaita wavivu. Baba anamfukuza nyumbani. Zawadi, mchumba wake, anamsubiri mchangani. Nilienda kuitazama mara ngapi, sijui. Kaka yangu Amani alikuwa ametoka nyumbani wakati wa vita, hakurudi. Mle gizani nililia bila mtu kuniuliza kwa nini.

Ijumaa, 16 Novemba

Papa Naomi anaimba bafuni. Jirani amegonga ukuta. Agonge.

Jumapili, 18 Novemba

Siku imeharibika. Tumetoka kanisani, Mama Debora ametangaza sinema mbele ya wote, furaha tele. Kufika nyumbani, binti yetu Naomi akaweka dividii, sauti juu. Ana miaka kumi na tatu, amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia, ila anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika, kwa Kizulu. Alitazama mpaka mwisho huku anakula chipsi. Kisha akacheka mpaka akakohoa. Hakuna ndugu, akasema. Hakuna aliyezama. Ni vijana tu wasiotaka kazi, wanacheza na mawimbi, baba anagomba, mwishoni kiangazi kinaisha na kila mmoja anakwenda zake. Papa hakujua Kiingereza, alitunga yote!

Papa Naomi alikuwa amesimama mlangoni. Akavaa sare yake, akaenda kazini mapema.

Na mimi? Nina hasira. Na nani, sijui. Machozi yangu yote ya Uvira, kumbe watu walikuwa wanaoga tu!

Jumatatu, 19 Novemba

Papa Naomi amesema hatatafsiri. Watoto wa hapa wote wanajua Kiingereza, watamcheka mbele ya watu. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyosema mwezi huu, na ni ya kukataa. Nikamwambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, hata watu wa Soweto wanakuja. Akageukia ukutani.

Naomi nimemnunia. Chakula nimempa, neno sijampa.

Alhamisi, 22 Novemba

Nimemuuliza Papa Naomi waziwazi, tukimenya viazi: kwa nini ulitudanganya?

Akaweka kisu chini. Akasema mwenye ukumbi alimpa ile sinema bila mtu wa kumweleza. Akaitazama peke yake. Aliona kwamba wanacheza, yeye si kipofu. Lakini nani pale Uvira angekaa kutazama watu wazima wanacheza majini, wakati kila nyumba inamtafuta mtu wake? Akaona basi na wale wa kwenye sinema watafute.

Akachukua kisu, akaendelea na kiazi chake.

Naomi alikuwa mezani na vitabu vya shule. Hakuinua kichwa, ila kalamu ilisimama.

Hasira yangu imeisha. Kinachoniudhi ni kwamba imeisha upesi hivi.

Jumamosi, 24 Novemba

Tumerudi jua bado lipo, na siwezi kukaa chini. Niandike nikiwa nimesimama.

Gereji ilijaa. Mashuka dirishani kuzuia mwanga. Wali, sombe ya majani ya muhogo, ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu, na pap, ugali wa hapa, kwa ajili ya watoto. Papa Naomi hakutaka kuja, nikamwambia kuna sufuria nzito ya kubeba. Ha! Kufika, akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Maiki ya kanisa iko mezani, hakuna wa kuishika.

Sinema ikaanza kwa Kiingereza chake. Vijana wanakimbia mchangani, muziki, vicheko. Watoto wanatafuna. Akina mama wakaanza kupiga soga. Mama Debora ananitazama: na ndugu yuko wapi? Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo Naomi akasimama. Akachukua rimoti, akazima sauti. Watoto wenzake wakapiga kelele, eish! Hakuwajali. Akachukua maiki, akapita katikati ya viti, akampa baba yake. Akasema kwa Kiswahili, mbele ya watu wote: "Papa, sema ile yako."

Papa Naomi akailaza maiki magotini. Nikajua amekataa.

Kisha: "Safari…" Sauti ikakwaruza. Akakohoa. "Safari, usiingie majini leo, mama amelia usiku kucha."

Mama Debora akaruka kama ametekenywa. Basi, hapo Papa Naomi hakunyamaza tena. Zawadi amempa sauti nyembamba, watoto wakaanguka kwa kicheko. Baba mkali safari hii amekuwa bosi wa walinzi, ana redio kiunoni, anauliza kila wimbi lina kibali cha nani. Walinzi waliokuwemo wakapiga miguu chini. Mwishoni Safari yuko juu ya wimbi kubwa, mkono hewani. "Amemwona," akasema polepole. Nimelia. Mama Debora amelia. Wale watoto wanaojua Kiingereza wamelia pia, wajinga wale.

Nina furaha mpaka naona aibu.

Jumapili, 25 Novemba

Mvua tangu ibada ilipoisha. Tumekula mabaki ya sombe.

Naomi amemfuata baba yake mezani, Kiswahili chake vipande vipande: "Papa, ule ndugu ya Safari, walimupata kweli?"

"Bado," akasema. "Kesho asubuhi wanarudi tena majini."

Naomi akafikiri. Akauliza, na mjomba Amani, alikuwa mtu wa namna gani?

Papa Naomi akanitazama. Hakuwahi kumwona Amani. Nikamwashiria kwa kichwa, sema wewe. Akaanza. Mrefu, kidole kimoja kimepinda, mlafi wa ndizi za kukaanga, hawezi kupita mbwa bila kumsalimia. Yote ni kweli, nilimwambia mimi tukiwa wachumba. Sikujua kwamba ameyatunza.

Bado anasema. Moja mbili ametunga, nazisikia. Nimemwacha. Nimefunga bomba, vyombo vitangoja.