Bomba la Bwawa la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na wifi na wanangu wote huko mliko. Natumaini kifua cha wifi kimetulia, na yule mdogo ameshamaliza kuota meno, maana najua alivyokuwa anawakesha. Sisi hapa ni wazima. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na siku hizi anapiga mluzi asubuhi. Hilo la mluzi ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kazi yangu ya mabwawani unaijua. Tangu mama atutoke, kabla ya chai, kabla hata sijanawa uso vizuri, nilikuwa napanda tuta la bwawa la juu na reki yangu mpaka kwenye bomba la kupunguzia maji. Navuta majani, vijiti, maganda ya miti na kila takataka iliyoganda kwenye wavu. Si kazi ya kujisifia mbele za watu. Lakini bomba lile likiziba, maji yanapanda, na yakishapita juu ya tuta la udongo hakuna wa kuyabembeleza: tuta linakatika, samaki wanakwenda, na nyumba ya jirani pale bondeni inakwenda nao. Baba akiniona narudi na matope magotini alikuwa ananiambia, "Tumelala salama kwa sababu yako." Kaka, mimi nilikuwa naishi kwa maneno hayo.

Basi akaja mshonaji. Ni mjane, mfupi, mcheshi, amefungua kibanda cha cherehani karibu na mashine ya kusaga. Baba alimpelekea koti lililopasuka kwapani. Koti likapona, na mshonaji akalileta mwenyewe hadi nyumbani, kana kwamba lingepotea njia. Akatembezwa mabwawani. Alipofika kwenye bomba langu akainama, akatazama, akauliza kwa nini wavu umelazwa bapa, maana jani moja tu likilala juu yake linaita wenzake. Kesho yake akaja na waya aliokunja umbo la kofia, akaufunika mdomo wa bomba, na kweli majani yakawa yanazunguka pembeni na maji yanapita. Baba alicheka kama mtoto aliyepewa mpira. Alimwambia kila mtu aliyekuja kununua samaki kwamba mama yule ana kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na reki mkononi, na kichwa changu pia kilikuwepo, ila hakuna aliyekiona.

Baadaye akaanza kuja asubuhi. Nilikuwa nafika tutani nakuta wavu mweupe, safi, na nyayo mbili zimeandamana kwenye tope, za viatu vya baba na za ndala ndogo. Siku moja nilitazama lile lundo la majani waliyoyatoa, nikawaza kuyarudisha majini ili nami nipate la kufanya. Sikuyarudisha, lakini nilisimama pale nayatazama kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima. Na kilichonikata maini zaidi ni reki. Baba aliufupisha mpini kwa msumeno ili mshonaji aifikie vizuri. Reki yangu, kaka! Tangu siku hiyo nikiitumia naumwa mgongo kama bibi kizee.

Nilianza kununa. Mshonaji akinisalimia naitikia kwa pua. Akileta kitu nasema tunacho. Baba akaniuliza kama naumwa, nikamjibu ni joto. Usiku nahesabu maneno aliyomwambia yeye na aliyoniambia mimi, na mara zote mimi ndiye niliyepunjwa.

Wiki iliyopita ikanyesha mvua, ile ya kumwagwa kwa ndoo. Ilianza mchana na haikupumzika. Nilikimbilia juu nikawakuta baba na mshonaji wameshafika. Gogo lililoletwa na maji lilikuwa limeing'oa ile kofia ya waya pamoja na wavu na kuvitupa kando, na nakuambia ukweli, moyo wangu ulicheka. Kicheko hakikudumu. Mfuko mtupu wa chakula cha samaki ulikuwa umefyonzwa ndani ya bomba, na bwawa lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kufika juu ya tuta. Baba alikuwa anatafuta ndoana ya kuuvuta. Mshonaji hakungoja. Aliingia majini, akazamisha mkono wa kulia, akaushika mfuko. Ukaachia ghafla, ukazama zaidi bombani, na maji yakauvuta mkono wake nao mpaka begani. Hakuweza kuutoa. Maji yalikuwa yamemfika kidevuni.

Baba alimrukia, akamshika kichwa akakiinua, akanipigia kelele: "Ziba kule chini! Ziba mdomo wa chini!" Nikaelewa mara moja. Bomba likizibwa upande wa pili wa tuta litajaa maji na kutulia, na likitulia litauachia mkono. Niliteremka kwa makalio, nikavuta gunia la pumba kutoka bandani, nikalisukumiza kwenye mdomo wa bomba unaomwagia bondeni, kisha nikakaa chini, nikaliegemea kwa mgongo na kukita miguu kwenye jiwe. Mimi ambaye maisha yangu yote ni kulifungua bomba lile, nikawa mfuniko wake. Maji yaligonga gunia, nalo likanigonga mimi. Tuta lilinikinga nisione chochote huko juu. Nilikuwa nasikia tu.

Na nilichosikia, kaka, ndicho ninachotaka kukuambia, maana sijamwambia mtu kwa hiari yangu.

Nilimsikia baba akilia. Alikuwa anasema, "Vumilia, mwenzangu. Mwenzangu, usiniache." Unakumbuka ni nani alikuwa anaitwa hivyo katika nyumba yetu. Baba hakuwahi kumwita mama kwa jina. Alimwita mwenzangu, jikoni, mabwawani, hata hospitalini siku ile ya mwisho. Nilidhani neno lile tulilizika naye. Nilipolisikia akiitwa nalo mwingine, nililegeza mgongo. Sikuchoka wala sikuteleza. Nililegeza kwa kutaka. Maji yakapenya pembeni mwa gunia kwa kishindo, na juu nikasikia ukelele wa mwanamke ambao mpaka leo unaniamsha.

Ukelele ule ndio ulionirudishia akili. Nikasukuma kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi, nikabana mpaka macho yakaniuma. Punde baba akaita kwamba ametoka, niachie. Niliposogea, bomba lilitema gunia, na nyuma yake ule mfuko, na maji yakaanza kushuka. Tuta lilishika. Jirani hakujua hata kama tulikuwa vitani.

Mshonaji alivunjika mkono, mfupa wa karibu na kiganja, mkono wake wa kazi. Sasa una plasta mpaka kwenye kiwiko. Na mimi nimekuwa shujaa. Baba anawasimulia watu jinsi binti yake alivyokaa kwenye bomba kama mlango wa chuma. Kila akisema hivyo natamani ardhi inimeze.

Siku mbili baadaye baba alinituma kibandani kwa mshonaji nimsaidie kazi za wateja. Tulipobaki wawili, akaniambia taratibu, bila kunitazama, kwamba bomba lilikuwa limeshaanza kumwachia, mara likamvuta tena kwa nguvu na ndipo mfupa ukalia. Akasema bila shaka niliteleza, pale chini kuna tope. Alinifungulia mlango, kaka, nilichotakiwa ni kupita tu. Nikamwambia, "Sikuteleza."

Nje mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, na nilitamani isinyamaze. Kisha akasogeza kiti, akaweka kitambaa chini ya kile kimguu cha cherehani kinachobana nguo, akaniambia nimtungie uzi kwenye sindano, kwa sababu mkono wa kushoto haujui. Nikatunga. Tangu hapo naenda kila siku, mimi naongoza kitambaa, yeye anakanyaga. Baba hajaambiwa neno. Nilidhani wivu ungeisha siku ile, lakini haukuisha, umebadilisha nguo tu. Sasa namwonea wivu kwa moyo alionao, maana ningekuwa mimi, ningeshatangaza mji mzima.

Baba anataka kumwoa, na amesema atakuandikia mwenyewe. Akikuandikia, usionyeshe kwamba umeshasikia. Ila njoo mapema kuliko wageni wengine. Nimeamua kumwambia baba ukweli kabla ya siku ya ndoa, na sitaweza nikiwa peke yangu. Nataka uwe umekaa upande wangu wakati nasema, hata kama hutanitetea.

Wifi mwambie namkumbuka. Watoto wabusu, waambie shangazi yao anawapenda na waendelee kumpenda, hata siku wakisikia mengine. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako,
niliyebaki nyumbani.